Ndege nawajua kwa majina tu: nianzie wapi kuisoma elimu yao?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikitazama ndege kwa miaka minne. Nina darubini, nina daftari, na orodha yangu imefika aina 212. Juzi mtoto wa dada yangu aliniuliza kwa nini njiwa hutikisa kichwa anapotembea, nikakosa jibu. Nikaona kwamba ninachokijua ni majina tu. Nataka kuisoma ornitholojia yenyewe, yaani elimu ya ndege, lakini biolojia niliiacha sekondari, na vitabu nilivyojaribu vilinichosha kabla sijafika ukurasa wa ishirini. Je, ni lazima nirudi chuo? Kama si lazima, nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Chuo si lazima. Chuo kinamhusu anayetafuta ajira ya utafiti, au anayetaka kazi za maabara kama kuchambua vinasaba. Kuielewa elimu ya ndege, na hata kuichangia, hakudai cheti. Pa kuanzia umeshapewa na mtoto wa dada yako, basi nami nitaanza na njiwa wake kabla ya kufika kwenye vitabu, kwa sababu namna swali lile lilivyojibiwa inaonyesha vizuri ornitholojia ni kazi gani.

Tafuta njiwa anayetembea chini mahali pa wazi, umtazame kwa ubavu. Usiangalie mwili. Angalia jicho lake tu, ulilinganishe na kitu kilicho nyuma yake: jiwe, ufa wa ukuta, mguu wa kiti. Utaona kwamba kichwa hakiendi mbele na kurudi nyuma kama tunavyodhani. Kinachupa mbele mara moja, kisha kinatulia hewani kimeganda, huku mwili ukisogea mpaka ukifikie. Halafu kinachupa tena. Kule kurudi nyuma tunakokuona ni mwili unaokwenda mbele chini ya kichwa kilichosimama.

Mwaka 1978 mtafiti aitwaye B. J. Frost alimweka njiwa juu ya mkanda unaozunguka, mfano wa ile ya mazoezi ya kukimbia. Mkanda ukarudi nyuma kwa kasi ileile ya hatua za ndege, hivyo njiwa alitembea lakini vitu vilivyomzunguka havikusogea machoni pake. Kichwa kikaacha kutikisika. Kumbe si miguu inayokitikisa, ni macho. Sisi tukiwa ndani ya gari, macho hushika nguzo moja ya barabarani, huifuata, kisha hurukia nyingine, ili picha isivurugike. Njiwa hufanya kazi hiyohiyo kwa shingo.

Hapo unaweza kudhani swali limekwisha. Bado. Mwaka 1963 Mholanzi Niko Tinbergen, ambaye miaka kumi baadaye alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, aliandika kwamba tunapouliza "kwa nini mnyama anafanya hivi" tunauliza maswali manne kwa pamoja bila kujua. Kuna swali la utendaji: ni nini ndani ya mwili kinachosababisha tendo hili? Hilo ndilo Frost alilolishughulikia. Kuna swali la makuzi: kinda huanza lini, na je, huzaliwa analijua au hujifunza? Kuna swali la faida: anayefanya hivyo anapata nini ambacho asiyefanya anakosa? Na kuna swali la asili: ukoo wake umelitoa wapi tendo hili, na mbona kuku naye anatikisa kichwa hivyohivyo ilhali bata anatembea shingo imetulia?

Maswali hayo manne yaandike ndani ya jalada la daftari lako. Nimewaona watu wawili wakibishana jioni nzima, mmoja akisema ndege huimba asubuhi kwa sababu ya homoni, mwingine akisema ni kwa sababu ya kulinda eneo lake. Wote walikuwa sawa. Kila mmoja alikuwa akijibu swali lake.

Tinbergen hakuyatoa maswali haya hewani. Alikaa miaka mingi kwenye mazalio ya shakwe, akaona jambo dogo ambalo wengi wangelipita: baada ya kinda kuanguliwa, mzazi huokota ganda la yai na kulipeleka mbali na kiota. Tendo lenyewe huchukua sekunde chache tu. Akajiuliza lina faida gani. Yeye na wenzake wakapanga mayai mchangani, mengine yakiwa karibu na maganda yaliyovunjika, mengine mbali nayo. Kunguru waliyapata zaidi yale yaliyokuwa karibu na maganda, kwa sababu ndani ya ganda ni kweupe na weupe huo unaonekana kwa mbali. Lakini mbona mzazi haondoi ganda papo hapo, anangoja kidogo? Kwa sababu shakwe jirani hula makinda ambayo bado ni mabichi, na kiota kikiachwa bila mlinzi wakati huo, kinda amekwisha. Akishakauka, manyoya yake yakatutumka, si rahisi tena kummeza. Mzazi yuko kati ya hatari mbili, na muda anaongoja ndio unaozipatanisha. Huo ulikuwa utafiti wa miaka ya mwanzo ya 1960, na vifaa vyake vikubwa vilikuwa mayai, maganda, mchanga na subira.

Nakwambia haya ili uelewe ni kwa nini vitabu vilikuchosha. Kosa si lako. Kitabu cha ornitholojia hufunguka kwa asili ya ndege, kikaendelea na mifupa ya fuvu, kikaja kwenye mpangilio wa manyoya, kana kwamba msomaji ameshakuja na maswali yote hayo mkononi. Ulikuwa unasoma majibu ya maswali ambayo hujawahi kuyauliza. Ingia kitabuni kwa mlango wa nyuma, yaani faharasa. Leo umeona ndege akijisugulia mdomo mgongoni, pale mkia unapoanzia, kisha akijipaka mabawani: tafuta tezi ya mafuta, soma kurasa tatu, funga. Kesho umeona makinda wawili katika kiota kimoja, mmoja mkubwa sana kuliko mwenzake: tafuta habari za kuanguliwa kwa kupishana siku. Baada ya mwaka mmoja utashangaa umemaliza nusu ya kitabu, na hiyo nusu haitakutoka kichwani.

Sasa daftari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naliona kuwa muhimu kuliko darubini. Madaftari yangu ya miaka sita ya kwanza yana tarehe, mahali, jina na idadi. "Kwera, 14." Nilipotaka baadaye kujua kwera wa eneo lile huanza kusuka viota mwezi gani, kurasa zile hazikuweza kunisaidia. Sikuandika kama madume walikuwa wamevaa rangi yao ya kuzalia. Sikuandika kama kuna aliyebeba jani. Niliwaona, nina hakika niliwaona, lakini sikuandika, na miaka ile hairudi.

Kwa hiyo andika tendo. Na liandike kama lilivyoonekana, tafsiri iweke pembeni. Ukiandika "alikuwa akimtisha mwenzake," umeshaamua. Andika "alifungua mdomo, akashusha mabawa, akamsogelea, mwenzake akaruka." Tafsiri iandike upande wa pili wa ukurasa, maana mwakani huenda ukaibadilisha, lakini mabawa yaliyoshushwa yatabaki yameshushwa. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, na umbali uliotembea, kwa sababu ndege 30 kwa dakika 10 si sawa na ndege 30 kwa saa 3. Andika pia wasiokuwepo. "Leo hakuna mbayuwayu hata mmoja" ni habari kubwa, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Usidhani kwamba madaftari ya watu wasio na vyeo hayana nafasi katika sayansi. Margaret Morse Nice hakuwa na kazi katika chuo chochote. Alikuwa mama mwenye nyumba na watoto huko Ohio, Marekani. Kuanzia mwaka 1928 aliwafuatilia shomoro waimbaji walioishi karibu na nyumbani kwake, akawavisha pete za rangi miguuni ili amjue kila mmoja kwa nafsi yake: nani amemwoa nani, nani amefukuzwa, nani amerudi mwaka uliofuata. Kazi yake ilichapishwa kwa sehemu mbili, 1937 na 1943, na wanabiolojia wa dunia nzima waliisoma kama mfano wa kuigwa. David Lack naye alikuwa mwalimu wa shule nchini Uingereza alipowachunguza robini katika miaka ya 1930. Robini huyo ana kifua chekundu, na dume hamvumilii mwenzake katika eneo lake. Lack aliweka ndani ya eneo la dume robini mchanga aliyekaushwa, mwenye umbo kamili lakini bila wekundu kifuani, na mara nyingi aliachwa. Akaweka kishada cha manyoya mekundu tu, bila kichwa wala mkia. Kishada kikashambuliwa. Soma sentensi hiyo tena, ufikirie maana yake: kwa robini mwenye hasira, rangi ilikuwa na uzito kuliko umbo zima la ndege.

Basi ufanye na wewe. Ushauri wangu ni uchague ndege mmoja wa kawaida, yule ambaye orodha yako ilimmaliza siku ya kwanza na hujamtazama tena. Ndege adimu atakupa furaha ya dakika tano. Wa kawaida atakupa mifano mia, na bila mifano mingi huwezi kujua lipi ni tabia na lipi ni bahati.

Chukua yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe. Siku hizi yuko karibu mabara yote; mwishoni mwa karne ya 19 alivuka Bahari ya Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe akaanza kuenea Amerika. Kila mtu atakwambia anafuata ng'ombe kwa sababu kwato zinafurusha panzi. Sawa, lakini umepima? Kaa mahali ambapo ndege hawakuogopi. Chagua mmoja aliye hatua mbili tatu kutoka kwa ng'ombe, mtazame dakika 2 kamili, uhesabu vitu viwili tu: hatua alizopiga, na mara alizomeza. Kumeza utakujua, kwa sababu kichwa hurushwa nyuma kidogo na shingo hucheza. Halafu tafuta anayewinda peke yake katika majani yaleyale, umhesabu kwa muda uleule. Rudi upande wa kwanza. Endelea mpaka uwe na ndege 20 kila upande. Watafiti waliofanya hesabu za namna hii wamekuta kwamba aliye karibu na ng'ombe hupata windo zaidi kwa hatua chache, na huenda nawe ukaona hivyo.

Lakini faida kubwa utaipata kwenye usumbufu. Utagundua kwamba ng'ombe anayetembea akila na ng'ombe aliyelala akicheua si kitu kimoja kwa yangeyange. Utagundua kwamba majani marefu yanaficha kumeza kwingine, hivyo hesabu yako inapungua upande mmoja bila ndege kuhusika. Utajikamata ukichagua ndege aliyechangamka kwa sababu anapendeza kutazamwa. Dawa yake ni kujiwekea kanuni kabla, mathalani "wa tatu kutoka kushoto," na kuifuata hata kama wa tatu amesimama tu. Na utajiuliza kama huyu si yuleyule uliyemhesabu nusu saa iliyopita. Ndege mmoja akihesabiwa mara kumi hawi ndege kumi. Siku utakapokosa raha kwa sababu ya jambo hilo, ujue umeshaingia ndani ya ornitholojia, maana watafiti wenye shahada tatu wanakosa raha kwa jambo hilohilo.

Mwili wa ndege nao usiuogope. Huhitaji kupasua kitu. Tafuta unyoya wa bawa wa njiwa ulioanguka, mmoja ule mrefu. (Katika baadhi ya nchi kuokota na kuweka manyoya ya ndege wa porini kunakatazwa, Marekani ina sheria yake ya tangu 1918. Jua sheria ya ulipo. Na ndege mfu usimguse kwa mikono mitupu.) Ushike kwenye mwanga. Bua la katikati haliko katikati: upande mmoja ni mwembamba, mwingine mpana. Upande mwembamba ndio unaotangulia kupasua hewa, na unyoya wa mwilini ambao haurukiwi hauna tofauti hiyo. Sasa achanisha ule upande mpana kwa kucha. Utapasuka kama kitambaa. Ubane kwa vidole viwili, uvute taratibu kuelekea ncha, na mpasuko utafungika kama zipu. Kila uzi wa unyoya una vijiuzi, na vijiuzi vya upande mmoja vina vikulabu vidogo mno vinavyoshika vya jirani. Ndege unayemwona akichambua manyoya kwa mdomo saa nzima anafunga zipu hizo, moja baada ya nyingine. Tangu nijue hivyo sijawahi tena kuandika "hakuna alichokuwa akifanya."

Ukiwa na unyoya wa buluu jifunze jambo jingine. Weusi na hudhurungi ni rangi zilizomo ndani, na wekundu wa heroe unatoka kwenye chakula chake. Buluu karibu yote ya ndege haina rangi ndani yake; ni umbile dogo la unyoya linalourudisha mwanga wa buluu na kuacha mwingine. Ukiusaga unyoya wa buluu, buluu inapotea.

Kupumua ndiyo sura ya kitabu ninayoipenda kuliko zote. Sisi hewa yetu huingia na kutoka kwa njia moja, mpya ikichanganyika na iliyobaki. Mapafu ya ndege hayatanuki na kusinyaa kama yetu. Kuna vifuko vya hewa, kwa ndege wengi ni tisa, vinavyofanya kazi kama mivukuto ya mhunzi, na hewa hupita mapafuni kuelekea upande mmoja tu, ndege akivuta na akitoa. Hewa aliyoivuta sasa hivi itatoka baada ya kuvuta mara mbili na kutoa mara mbili. Mwaka 1973 tumbusi aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Binadamu akiachwa kimo hicho bila oksijeni ya kuongezewa huzimia upesi.

Kuhusu uainishaji nitapita haraka, ila usiupuuze. Majina yetu ya kila siku ni mazuri lakini yanabeba mengi kwa pamoja: watu wengi wakisema mwewe wanaweza kumaanisha ndege yeyote mwenye mdomo wa ndoano. Jina la Kilatini, kwa utaratibu uliowekewa msingi na Linnaeus mwaka 1758, linakuambia aina moja tu na jenasi yake, yaani kundi dogo la jamaa zake wa karibu. Jifunze kwanza familia, majina ya aina yatakuja yenyewe. Na uwe tayari kushtuka. Vinasaba vimeonyesha kwamba kozi yuko karibu zaidi na kasuku kuliko alivyo karibu na mwewe. Heroe na kibisi, mmoja mwenye miguu mirefu kupindukia na mwingine mzamiaji mfupi, ni jamaa wa karibu. Teleka, ambaye wengi humwita mbayuwayu kwa kuwa wote hukamata wadudu angani, si jamaa yake hata kidogo. Ndugu zake ni wale ndege wadogo wavuma wa Amerika wanaofyonza nekta huku wamesimama hewani. Kazi moja imewapa umbo moja. Na huyo teleka wa Ulaya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund walionyesha mwaka 2016 kwamba anaweza kukaa angani miezi 10 mfululizo, baadhi yao bila kutua hata mara moja.

Masikio yako yanahitaji mafunzo kama macho. Ndege hana sauti kooni kama sisi; chombo chake kinaitwa sirinksi, kipo chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kwa kuwa kiko kwenye njia panda, aina nyingi zinaweza kutoa noti mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja kila upande. Makinda wa ndege waimbaji hujifunza wimbo kwa kusikiliza wakubwa wao, ndiyo maana aina ileile inaweza kuwa na lafudhi mbili katika mabonde mawili. Rekodi kwa simu yako, kisha tumia programu ya bure inayochora sauti kama picha. Ukishauona wimbo umechorwa utausikia vizuri zaidi.

Programu za kutambua sauti kama Merlin ni msaada mkubwa, lakini zichukue kama rafiki mwenye masikio makali anayekunong'oneza jina. Mtafute ndege kwanza, umwone, ndipo uandike. Kumbukumbu zako zipeleke eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za watazamaji ndege iliyoanzishwa mwaka 2002, na ukipeleka, peleka orodha kamili ya wote uliowatambua, na wa kawaida wamo. Orodha kamili ndiyo inayomwezesha mtafiti kujua nani hakuwepo. Orodha ya ndege adimu peke yake haimsaidii sana. Kwa sauti, tovuti ya xeno-canto ina rekodi za ndege wa dunia nzima na unaweza kuongeza zako.

Na ukikuta ndege mwenye pete mguuni, andika namba na maandishi yote, piga picha, uitume kwa anwani iliyo kwenye pete. Hicho kipande cha bati kina historia ndefu. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipigwa korongo aliyekuwa na mkuki umempenya shingoni, na mkuki wenyewe ulikuwa wa Afrika; hapo wataalamu wa Ulaya walipata ushahidi wa mkononi wa mahali korongo wao huenda wakati wa baridi. Mwaka 1899 mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuvisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Leo kuna vifaa vinavyozungumza na setilaiti: mwaka 2022 ndege mchanga wa pwani wa aina ya Limosa lapponica alifuatiliwa kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Ukitaka kuvisha pete wewe mwenyewe, usijaribu peke yako. Inahitaji kibali na miezi ya kufundishwa na mwenye leseni, kwa sababu ndege wa gramu kumi akishikwa vibaya hufa mkononi.

Hapo nakuomba uwe mkali hata kwako mwenyewe. Kiota usikikaribie kila siku. Njia unayoitengeneza kwenye majani ni ramani kwa nyoka na paka. Usimchezee ndege sauti ya mpinzani wake mara kwa mara ili atokeze umpige picha. Kumbuka robini wa Lack: anakuja kwa sababu anadhani ameingiliwa, na nguvu anazotumia kupambana na simu yako angezitumia kulisha makinda. Swali zuri haliwi na ruhusa ya kumuumiza anayeulizwa.

Baada ya miezi sita hivi ya daftari la namna hii, anza kusoma makala za utafiti zenyewe. Nyingi za zamani ziko wazi mtandaoni. Soma muhtasari, kisha michoro, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, ukijiuliza: walihesabuje, walijuaje si ndege yuleyule, nani aliamua ndege yupi atazamwe? Takwimu ngumu ziruke mara ya kwanza. Kwa kuwa umeshasumbuka na yangeyange wako, sehemu ya mbinu ambayo wengine huiona kavu itakuwa ndiyo unayoielewa kuliko zote.

Kuhusu mtoto wa dada yako, usimpe jibu la Frost bado. Mpeleke kwa njiwa, mwonyeshe jicho na ufa wa ukuta, umwache akwambie mwenyewe kichwa kinafanya nini. Akishasema kimesimama, mtafuteni bata.